Upenyo wa Kidole Kimoja

Bwenini,
9 Oktoba

Kwako Bi Mkasi, mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. Leo nimeshinda juu ya paa la jengo la ofisi nikibadilisha feni za mashine za nje, na jua lilikuwa linanipiga utosini utadhani nimelikosea. Chini yangu, ghorofa kwa ghorofa, watu wamevaa masweta. Nilipoingia kukagua mashine za ndani, dada wa mapokezi akaniambia, "Fundi, punguza baridi kidogo, vidole vimekufa ganzi." Nikacheka, kisha nikaona haya. Nilikuwa nakuwaza wewe umekaa kwenye cherehani, mkono wa kulia unasukuma kitambaa, wa kushoto unajipepea na kile kipande cha katoni.

Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyosema. Napoza vyumba vya watu nisiowajua hata kwa sura, na mke wangu analala kwenye tanuri. Nimechoka na aibu hiyo. Nataka nikununulie kiyoyozi cha chumbani kabla joto la mwisho wa mwaka halijashika.

Usinijibu kwa simu. Huku tuko wanaume sita chumba kimoja. Nikiongea nawe wote wananyamaza, hata wa kukoroma anaacha kukoroma, halafu kesho yake kazini naitwa "mpenzi umekula". Barua mpe yule yule dereva wa lori la vipuri, ataifikisha.

Nahitaji vipimo. Urefu na upana wa chumba, na kimo kutoka sakafuni hadi darini. Ukuta upi unapigwa na jua la jioni. Dirisha ni lile lile moja, au mwenye nyumba ameongeza? Na niandikie wangapi mnalala humo, maana kila mwili ni jiko dogo na fundi lazima auhesabu.

Jambo jingine. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Januari. Msimamizi ameniita, anataka niongeze miaka miwili mingine. Sijamjibu. Nilitaka nisikie na wewe unasemaje.

Jana nilikumbuka nilivyokuwa nachelewa kazini, nafika nyumbani mtaa umeshalala, nagonga dirisha la chumbani kwa kitako cha bisibisi, mara mbili, nawe unanipitishia ufunguo kwenye nondo bila hata kufungua macho vizuri. Mpaka leo sijui kwa nini hatukuchonga ufunguo wa pili.

Mume wako,
Fundi Baridi


Nyumbani,
21 Oktoba

Kwako Fundi Baridi,

Barua imefika na alama ya kidole cha grisi, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Pole ya mgongo. Mwambie huyo dada wa mapokezi aje huku tubadilishane, nami nikapate hiyo ganzi ya vidole.

Vipimo hivi hapa. Nimepima kwa tepu yangu ya nguo, nimepanda juu ya stuli, kwa hiyo ukiona chumba kimepewa kifua na kiuno usishangae. Urefu, mita nne kasoro kidogo. Upana, mita tatu na kiganja. Kimo, mita mbili na nusu na ushei. Kimenenepa upande wa kabati, ningekuwa nakishonea ningekiachia pindo. Dari bado ipo, ila pale kwenye kona mvua ya mwaka jana imechora ramani. Jua la jioni linapiga ukuta wa kitandani. Ukiugusa baada ya chakula cha usiku, bado una homa. Dirisha ni moja. Mwenye nyumba hajaongeza kitu isipokuwa kodi.

Wanaolala: wawili.

Usiniandikie barua ya kuniuliza wa pili ni nani. Wawili, mmoja yuko safarini. Nunua mashine ya watu wawili.

Kuhusu mkataba, wewe ndiye unayeijua kazi yako na huyo msimamizi wako. Mimi nitasema nini? Ukiona inafaa, inafaa. Huku kazi ipo, sare za shule zimeanza kuletwa, na jirani yangu wa ukutani bado anakuja kunisimulia mambo ambayo sikumuuliza. Niko sawa.

Ile stuli imevunjika mguu nikiwa juu yake. Usiogope, niliangukia kitandani, upande wako.

Mkeo,
Bi Mkasi


Bwenini,
3 Novemba

Bi Mkasi wangu,

Pole kwa kuanguka. Hiyo stuli nilikwambia zamani uitupe. Na nikiri kwamba lile neno "wawili" nimelisoma mara nyingi kuliko vipimo vyenyewe.

Sasa sikiliza, hapa naongea kama fundi. Ukienda dukani watakutamanisha mashine kubwa, ya elfu kumi na nane au zaidi. Hizo ndizo namba za kupimia nguvu ya kupoza. Watakwambia kubwa ndiyo imara. Usikubali. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inapoza upesi, inazima, inawaka tena, inazima, na kila ikiwaka inakunywa umeme. Tena haipati muda wa kukausha hewa, unabaki na ubaridi wa majimaji na shuka zinanata mwilini. Ndogo mno nayo inakimbia kutwa nzima na haifiki inakokwenda. Chumba chetu kwa vipimo vyako kingetosha elfu tisa. Nimeongeza kwa ajili ya ule ukuta wenye homa, nikaongeza na kwa ajili ya miili miwili, tumefika elfu kumi na mbili. Nimechagua ya inveta, ambayo haizimi na kuwaka kila mara, inapunguza tu mwendo chumba kikishapoa. Dukani bei yake inauma kidogo, ila kwenye umeme utanishukuru.

Ataifunga Mrefu. Unamkumbuka, yule niliyefanya naye kazi miaka ile, anayeinama kwenye kila mlango na bado anagonga kichwa. Nimemwambia mashine ya nje aiweke kivulini, mbali na dirisha, ipate nafasi ya kupumua.

Ukishaipata, iweke nyuzi ishirini na tano, feni pole pole. Usiishushe hadi kumi na sita ukidhani itapoa upesi. Haipoi upesi hata kidogo, inakimbia tu muda mrefu zaidi. Haraka haraka haina baraka, na kwenye kiyoyozi haina hata baridi. Kichujio kitoe kila baada ya wiki mbili, kioshe kwa maji, kianike kivulini. Shona pazia zito lenye bitana. Chini ya mlango wa chumbani kuna uwazi, nakumbuka panya walikuwa wanaupita bila hodi. Shona mfuko mrefu mwembamba, ujaze vipande vya vitambaa, uulaze hapo. Na dirisha lifunge kabisa, komeo mpaka mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ujue kiyoyozi hakitengenezi baridi. Watu wengi hawalijui hilo. Kinachukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, basi. Baridi ni kile kinachobaki.

Kuhusu mkataba, naona umeniachia mwenyewe. Nilidhani ungekuwa na neno. Nimeigeuza barua yako nikatazama na nyuma, nikitegemea labda umeliandika huko. Msimamizi ananiuliza kila tukikutana kwenye ngazi, nami namwambia bado nawaza.

Mume wako,
Fundi Baridi


Nyumbani,
19 Novemba

Kwako Fundi Baridi,

Kiyoyozi kimefika na kimefungwa. Mrefu aligonga kichwa kwenye mlango wa mbele, akagonga kwenye wa chumbani, na wakati wa kutoka, baada ya mimi kumwambia "Shemeji, angalia," akagonga tena. Mashine ya nje ameiweka chini ya dirisha, kando kidogo. Anasema kivuli kiko upande huo tu, na mabomba yakiwa marefu mashine inachoka. Nikamwambia mume wangu alisema mbali na dirisha. Akasema, "Mume wako yuko mbali na dirisha, ndiyo maana anajua sana." Mkosane wenyewe.

Ya ndani ni nyeupe, imekaa juu kabisa ukutani inanitazama kama mama mkwe. Siku ya kwanza nilivaa vizuri kwa ajili yake. Majirani wamekuja kuiona. Yule wa ukutani alisema amekuja kuazima sindano, akakaa chini yake mchana kutwa, na sindano akaisahau.

Inapoza vizuri. Asante, mume wangu. Nalala kama mtoto. Ya ndani haina kelele, ya nje tu ndiyo inanguruma, na kuna wakati najikuta naiambia nyamaza kidogo, nasikiliza. Lakini hilo ni jambo dogo. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Mkeo,
Bi Mkasi


Bwenini,
1 Desemba

Bi Mkasi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeketi juu ya paa, miguu inaning'inia. Nimefurahi kwamba unalala kama mtoto. Halafu nikaumia, na nilikuwa nimeshamaliza kufurahi kwa hiyo niliumia vizuri. Mimi huku silali. Nalala upande wa kulia wa kitanda, nakuachia wa kushoto, na kitanda chenyewe ni cha mtu mmoja. Wenzangu wanadhani nina kawaida ya kuanguka.

Nikajiambia, basi, nyumba haina shida. Anapoa, analala, kazi anayo. Anachohitaji ni mtu wa kuleta vitu, na vitu naweza kuvileta nikiwa huku. Nimemwambia msimamizi ndiyo, kwa mdomo. Saini ni tarehe thelathini Januari. Hiyo miaka miwili tutaweka dari mpya, na mashine ya pili chumba cha cherehani.

Kama una neno, liseme kabla ya hapo.

Fundi Baridi


Nyumbani,
14 Desemba

Kwako Fundi Baridi,

Umeamua vizuri. Sina neno.

Ila kuna jambo la kifundi. Hiyo mashine yako haipozi. Najua nilikwambia inapoza, nilitaka ufurahi. Umeme unakwisha mimi nikiwa bado nahesabu kwamba upo. Nimeishusha hadi kumi na sita, usinikaripie, na bado naamka alfajiri shingo imelowa. Kichujio nimeosha. Pazia nimeshona, lina bitana mbili, hata risasi hailipiti. Mfuko wa mlangoni nao nimeshona, nimeutia macho ya vifungo, sasa ni nyoka aliyeshiba. Kila ulichosema nimefanya.

Labda ni joto la mwaka huu. Jirani anasema halijawahi kutokea, lakini yeye kila mwaka anasema hivyo.

Siku hizi nashona mpaka jioni, sare ya mwisho wiki hii ilikuwa ya mtoto mnene mwenye haya. Nikamwachia nafasi kubwa kiunoni bila kumwambia. Ulikuwa unapenda nikikusimulia wateja.

Mkeo,
Bi Mkasi


Bwenini,
22 Desemba

Bi Mkasi,

Jengo hili lina mashine zisizohesabika, lakini ninayoiwaza kutwa ni hiyo moja. Nimewaza gesi imevuja kwenye maungio. Nimewaza Mrefu amekunja bomba. Nimewaza mashine ya nje imebanwa na kitu, umeweka ndoo mbele yake au umeanika nguo juu yake, niambie ukweli. Nimewaza hata kwamba nilikosea hesabu, na hilo limeninyima usingizi kuliko yote, maana kupima ndicho kitu pekee ninachojivunia.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Namtuma Mrefu aje aitazame.

Nisimulie na mteja mwingine.

Fundi Baridi


Mtaa wa pili kutoka kwenu,
5 Januari

Kwa Fundi Baridi, ndugu yangu,

Nimeenda kwako. Shemeji hajambo, amekonda kidogo, amenipa maji ya kunywa na kunionya juu ya mlango, nikainama, nikagonga kiti.

Gesi nimepima, iko sawasawa. Mabomba hayavuji wala hayakukunjwa, na nimekusamehe kwa kufikiri hivyo. Ya nje inapumua vizuri, hakuna ndoo wala nguo. Hesabu yako haina kosa. Nikawasha, nikasubiri, chumba kikawa vile vile. Nikasema basi, hii imerogwa.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda niwaze, samahani, humo nikisimama dari inanila. Nikahisi joto linanipulizia sikio. Nikafunua pazia. Ndugu yangu, dirisha liko wazi. Si wazi la kutoa kichwa, ni upenyo wa kidole kimoja, na katikati umewekwa mkasi wa zamani ili lisijifunge. Nikanyoosha mkono niutoe. Shemeji akasema, "Shemeji, huo uache." Alisema pole pole, vile mtu anavyokuzuia usimwamshe mgonjwa.

Nikamwambia, shemeji, unapoza barabara. Akasema, "Najua. Usimwambie."

Nikakaa na hilo neno siku mbili. Nakuambia kwa sababu mimi na wewe tumeshikiana ngazi. Sababu sikuuliza. Nyumbani kwa mtu, fundi huishia kwenye bomba.

Mrefu


Bwenini,
13 Januari

Mke wangu,

Dirisha! Nimezunguka na gesi, na mabomba, na hesabu zangu, nimemtukania Mrefu kazi yake moyoni, kumbe dirisha! Mtaa mzima unapoa kwa umeme wetu. Mbwa wa jirani anapoa. Wewe tu ndiye hupoi.

Kama unaogopa kukosa hewa, fungua asubuhi ukifagia, hewa ya usiku mmoja haiishi. Kama ni harufu ya mashine mpya, ingekuwa imeshakwisha. Kama ni ubishi, hapo nakujua, lakini wa sasa umepita kiasi. Na kwa nini umwambie Mrefu asiniambie? Tangu lini mimi na wewe tunafichana kupitia kwa watu?

Nimeumia, nakuambia wazi. Huku niko mbali, hakuna ninachokushika nacho. Hata gauni hukubali nikutumie, unasema utashona mwenyewe. Kitu pekee nilichoweza kukupa ni ubaridi, na wewe unautoa nje kwa mkasi.

Nakuomba ulifunge. Tarehe thelathini natia saini, na ningependa nitie nikijua angalau unalala.

Fundi Baridi


Nyumbani,
22 Januari

Kwako Fundi Baridi,

Nimelifunga. Nimetoa mkasi, nimesukuma komeo mpaka mwisho, nimeshusha pazia, nimemlaza nyoka wangu chini ya mlango. Nyuzi ishirini na tano, feni pole pole. Chumba kilipoa kabla sijamaliza kukunja nguo. Ulikuwa na haki tangu mwanzo. Mashine ni nzuri na hesabu yako haina kasoro.

Sababu nakupa sasa, kwa vile umeuliza, na kwa vile haina kazi tena.

Siku ile unaondoka ulisimama pale nje na begi lako. Ufunguo uliniachia mimi kwa kuwa ni mmoja. Nikakuuliza, ukirudi utanijulisha vipi? Ukasema, "Sitakutangazia. Utasikia dirisha." Labda ulikuwa unatania, utani wako naujua. Mimi nililichukua kama lilivyo. Kila nikilala nalisikiliza dirisha. Najua uko mbali. Najua kuna mkataba. Najua huwezi kushuka kwenye gari huko barabarani jirani yangu asije kunitangazia kabla hujaweka mguu wa pili chini. Akili inajua yote hayo, ila masikio hayaelewi. Nikifunga kabisa, na ile mashine inanguruma hapo nje, naona kama nimekufungia nje. Ndiyo nikawa nakuachia upenyo. Hata ile kumi na sita, nilikuwa natafuta vyote viwili, ubaridi wako na wewe.

Nimekutamani, mume wangu. Naliandika waziwazi kwa sababu barua zote nimekuandikia "niko sawa" na sikuwa sawa hata siku moja. Nimetamani sauti yako, nimetamani hata grisi yako kwenye taulo langu jeupe, ambalo nilikupigia kelele kwa ajili yake. Ulipouliza neno langu juu ya mkataba nilikuwa nalo. Niliogopa nikikuambia rudi, utarudi kwa sababu umeombwa, halafu ukae humu ndani ukiwaza mapaa ya watu. Nilitaka urudi kwa miguu yako. Nikanyamaza, nikingoja uelewe, na wewe ukaelewa kinyume.

Ulisema kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinatoa tu joto lililomo. Nimelielewa somo hilo nikiwa nimejilaza humu. Tena ulisema nisipoziba ufa nitajenga ukuta. Ufa nimeuziba, Fundi, na ukuta nimeupata vile vile.

Tia saini, kama unataka. Mashine ya pili usilete. Nalala vizuri sasa, na safari hii si uongo. Nikilala sisikii kitu.

Mkeo,
Bi Mkasi


Nje ya dirisha,
4 Februari, alasiri

Kwako Bi Mkasi,

Naandika nyuma ya karatasi ya mkataba. Upande wa mbele, nafasi ya saini iko tupu. Msimamizi alinipa kalamu na karatasi, nikamwomba nikaisome nje kwanza. Bado naisoma, na nje kwenyewe ndiko huku. Kalamu yake nitamrudishia kwa dereva wa lori.

Nimefika mtaa mzima umelala usingizi wa mchana, hata jirani yako wa ukutani, ndiyo maana hukutangaziwa. Ufunguo sina, unajua ulipo. Nikagonga dirisha kwa kitako cha bisibisi, mara mbili. Nikagonga tena. Pazia lako la bitana mbili hata halikushtuka. Nikigonga kama askari utadhani ni fumanizi, na watu watatoka kutazama mwanamume anavyovunja nyumba yake mwenyewe. Nikasema nikupitishie hii karatasi kwenye ule upenyo. Nimepapasa fremu yote, juu mpaka chini. Haupo. Karatasi haipiti, hata pembe yake. Umeziba kifundi, sina la kulalamika.

Nimekaa chini, kando ya mashine ya nje. Mrefu ameiweka vibaya na nitamwambia. Ilikuwa inanipulizia usoni. Nilitaka kusogea, halafu nikakumbuka hilo joto ni la wapi. Ni la chumba chetu. Limetoka kwenye zile kuta na zile shuka na kwenye mwili wako uliolala humo, limetupwa nje, na mimi ndiye niliyekuwa nje. Nikakaa nalo mpaka shati la safari likakauka mgongoni. Tangu niondoke hapa sijapata joto kama hilo, na nimeshinda juani kila siku ya Mungu.

Sitakudanganya, mke wangu. Nilikuwa nimesahau. Ulipoandika "utasikia dirisha" nilijisikia nikilisema, nikaona na begi lenyewe. Nilikuwa juu ya paa. Nikashuka na bisibisi mkononi, mfuniko wa mashine nimeuacha umeshikwa na skrubu moja. Hakuna aliyeniomba nirudi. Wewe ulinikataza kuleta mashine, na mimi sikuleta, nimekuja mikono mitupu na mgongo mbovu. Nawe ukitaka nikae hapa nje mpaka jioni kwa ujinga wangu, nitakaa.

Ila fundi ni fundi. Ukutani, karibu na mashine ya nje, huwa tunaweka swichi, ili mtu wa matengenezo aweze kuzima bila kuingia ndani. Hiyo Mrefu ameiweka mahali pake. Nimeizima. Ngurumo imekatika, na jua limeshaanza kuupiga ukuta wa kitandani. Joto litakufikia tu. Utageuka, utatupa shuka, utamlaani aliyekuchagulia mashine hii, kisha utafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya chumba kikiwa moto.

Nangoja. Nzi amekuja kunitazama, ameondoka.

Kitanda kimelia. Umesema kitu, nadhani ni jina langu, na hukulisema kwa uzuri. Sasa ni miguu sakafuni. Sasa ni pete za pazia.

Nasikia komeo. Dirisha hili hufungukia nje, ngoja nisogee.